Ung'arishe Kwanza, au Uvalishe Kwanza?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: mtu ambaye tayari ana jino la bandia kinywani, iwe kofia, vinia, daraja au seti nzima ya kuvaa na kuvua, asijisumbue kung'arisha meno. Wasemaji ni wanne. Nimewatambulisha kwa kazi zao tu, kwa kuwa ni sauti nilizozipanga mwenyewe. Maneno yao, hata hivyo, yanasikika kwenye mabenchi ya kliniki za meno kuanzia Miyomboni hadi Mwanjelwa. Mwalimu mstaafu wa Iringa anaiunga mkono hoja. Mshereheshaji wa harusi wa Mbeya anaipinga. Daktari wa meno na fundi wa maabara ya meno walialikwa kama mashahidi, na msomaji ataona upesi kwamba mashahidi nao walikuja na upande wao.

MWALIMU: Kamwene nyote. Nianze kwa kuwaonyesha mali yangu. Jino hili la mbele ni kofia, lina miaka kumi na ushee. Magego haya matatu ya kushoto ni ya pleti. Usiku nayavua, nayaweka kwenye glasi ya maji. Yaliyobaki ni ya kwangu mwenyewe, nayo yamekunywa chai ya Mufindi tangu nikiwa mtoto, chai ya rangi, asubuhi na jioni, maana Iringa mwezi wa Juni huanzi siku bila kitu cha moto. Yamekuwa manjano. Sioni tatizo. Mtu mzima ana mvi, ana makunyanzi, na meno yake yana umri wake. Akiyafanya meupe pe kama ya mtoto wa darasa la kwanza anamdanganya nani? Isitoshe, nusu ya kinywa ni bandia. Utang'arisha hiki, utakiacha kile. Bora uviache vyote.

MSHEREHESHAJI: Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, binti yangu.

MSHEREHESHAJI: Wewe umeshastaafu, unaweza kusema hivyo. Mimi kila Jumamosi nimeshika kipaza sauti, kamera iko usoni, na picha zinarushwa hata keki haijakatwa. Watu wanamchagua MC kwa sura kabla hawajaisikia sauti yake. Nina vinia mbili hapa katikati. Jino moja lilivunjika nikiwa shule, la pili nalo likabandikwa ili yalingane. Baadaye nikaona ya pembeni yamefifia, nikaenda saluni, wakanipaka jeli, wakaniwashia taa ya buluu. Nilitoka na meno meupe, kweli kabisa, isipokuwa hayo mawili. Sasa kwenye picha naonekana nina meno mawili ya manjano katikati ya mdomo, na ndiyo niliyoyalipia pesa nyingi kuliko yote! Nikarudi. Wakasema dawa haikuingia vizuri, turudie. Tukarudia. Ya pembeni yakazidi kuwa meupe.

MWALIMU: Si ndiyo hayo ninayoyasema?

MSHEREHESHAJI: Hapana, mwalimu. Mimi nasema ipo dawa yenye nguvu zaidi, ila huku mikoani haiji.

DAKTARI: Haipo, dada. Mbeya haipo, Dar es Salaam haipo, London haipo. Dawa za kung'arisha zinazotumika saluni na hospitalini karibu zote zinategemea kitu kimoja: haidrojeni peroksidi, au kabamidi peroksidi ambayo ikilowa inaachia haidrojeni peroksidi ile ile. Jeli ya kabamidi ya asilimia 10 inatoa peroksidi ya karibu asilimia 3.5. Peroksidi inapenya enameli, lile tabaka gumu la nje, ikafika kwenye dentini iliyo chini yake, na huko ndiko manjano mengi yanakokaa. Inazivunjavunja chembe za rangi, jino likaonekana jeupe. Kwa hiyo ni lazima liwe jino linalopenyeka. Kofia ya kauri imechomwa tanuruni kwa joto la karibu nyuzi 900, ya zirkonia zaidi ya 1,400, na rangi yake ni madini yaliyochanganywa humo humo. Peroksidi haina pa kuingilia. Vinia zako ni za kompositi, ile plastiki ngumu yenye chembe za kioo. Hapo jeli itatoa madoa ya juu, ya chai na kahawa, basi. Rangi yenyewe haisogei, na ukizidisha, uso wa kompositi unakuwa na mikwaruzo midogo inayoshika madoa upya. Meno ya akriliki kwenye pleti ya mwalimu ni hadithi hiyo hiyo. Ukilifua kwa jiki shati la pamba lenye kiraka cha tetroni, pamba itapauka, kiraka kitabaki na rangi yake, na kila ukirudia ndivyo kiraka kinavyozidi kujitangaza.

MSHEREHESHAJI: Kwa hiyo mwalimu kashinda.

DAKTARI: Hajashinda. Kati yetu hapa, mwalimu ndiye wa kwanza ambaye ningemshauri ang'arishe.

Mwalimu hakutarajia hilo, na nadhani wasomaji wengi hawakulitarajia pia. Tumezoea kusikia kwamba kofia na kung'arisha havikai nyumba moja. Msikilizeni daktari anavyolijenga.

DAKTARI: Rangi ya kofia yako, mwalimu, ilichaguliwa zamani, ilingane na meno ya wakati ule. Kofia imebaki pale pale. Waliohama ni majirani zake. Enameli inalika kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, dentini inazidi unene na kukolea, chai nayo inafanya kazi yake. Leo kofia imekuwa nyeupe kuliko meno yaliyoizunguka, ukicheka mtu anaiona yenyewe kwanza. Sasa hao majirani tunaweza kuwarudisha walikotoka. Tunawang'arisha hadi waifikie kofia, tunasimama hapo. Hupati meno ya mtoto wa darasa la kwanza, unapata meno yako mwenyewe ya siku ulipovalishwa kofia, na kofia inapotea katikati yao bila kuguswa.

MWALIMU: Mnajuaje pa kusimama?

DAKTARI: Kwa kwenda polepole. Mwaka 1989 madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Van Haywood na Harald Heymann, walichapisha njia ambayo hadi leo ndiyo naiamini kuliko taa: trei nyembamba ya plastiki iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, unaitia jeli ya asilimia 10, unalala nayo. Usiku mmoja hauonyeshi kitu. Wiki mbili zinaonyesha. Kila asubuhi unasimama mbele ya kioo karibu na dirisha, unalinganisha na kofia, siku yakilingana unaacha. Taa ya saluni inamaliza yote kwa kikao kimoja, na ikipita alama hakuna wa kuirudisha nyuma.

MWALIMU: Na huu mstari wa kijivu juu ya kofia, kwenye ufizi? Nimeusugua kwa mkaa, nimeusugua kwa ndimu na chumvi, hautoki.

DAKTARI: Acha leo hii, tafadhali. Huo si uchafu. Kofia yako ni ya kauri iliyochomewa juu ya chuma. Ufizi umerudi nyuma kidogo, ukingo wa chuma umetokeza. Hautoki kwa kusuguliwa. Mkaa unaondoa mng'aro wa kauri, na kauri isiyo na mng'aro inadaka madoa ambayo zamani yalikuwa yanateleza. Ndimu ni tindikali, inakula enameli ya meno yako halisi, halafu dentini ya manjano inajitokeza zaidi. Yaani unayafanya manjano huku ukidhani unayasafisha. Hata sisi wenyewe kliniki tuna tahadhari yetu: zipo jeli za floraidi zenye tindikali ambazo hatupaswi kumpaka mtu mwenye kauri, kwa sababu zinakwaruza uso wake.

FUNDI: Naomba nafasi. Daktari anaongea vizuri, lakini kuna jambo analipitia kwa haraka. Mimi kofia naipata kama herufi na namba kwenye karatasi. Kipimo cha rangi kinachotumika zaidi kina vipande 16, kuanzia A1 hadi D4. Karatasi inasema A3, nafanya A3. Sijamwona mgonjwa, sijui anakunywa chai au maziwa. Sasa tuseme mtu amefuata ushauri wenu, kang'arisha kwanza, meno yakawa A1, mkaniandikia A1. Nimefanya. Ila peroksidi haidumu. Baada ya mwaka, miaka miwili, meno yanarudi kuelekea yalikokuwa, na kofia yangu ya A1 inasimama pale mbele kama taa ya bodaboda. Mgonjwa analalamika kwa nani? Kwa fundi. Ndiyo maana nasema mwalimu ana haki: tengeneza kofia ilingane na meno jinsi yalivyo, watu waishi nayo.

DAKTARI: Ndiyo sababu trei anabaki nayo nyumbani. Rangi ikianza kurudi, analala nayo usiku mmoja au miwili, imekwisha.

FUNDI: Anayekaa Soweto, Mbeya mjini, sawa. Anayetoka Makete au Chunya, jeli ataipata wapi? Mnapanga matibabu kana kwamba kila mtu ana kliniki nyuma ya nyumba.

Kwa maoni yangu hoja ya fundi ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa siku hiyo, na daktari hakuijibu yote. Kung'arisha si tukio, ni ahadi ya kuendelea. Anayejua hatarudi kliniki afadhali achague kofia inayofanana na meno yake ya kila siku. Ila fundi naye anasahau kitu: huyo wa Chunya ana haki ya kuulizwa. Akishaulizwa, akasema hapana, A3 yake ni uamuzi wake. Asipoulizwa, A3 ni uamuzi wa mtu mwingine utakaokaa mdomoni mwake miaka kumi na tano.

MSHEREHESHAJI: Mimi sikuulizwa. Nilikaa kwenye kiti, akaleta kile kipimo, akasema hii inaendana, basi. Sasa nifanyeje?

DAKTARI: Wewe kazi yako ni nyepesi kuliko ya mwenye kauri. Meno ya pembeni yameshang'aa. Acha jeli kabisa, subiri angalau wiki mbili. Sababu ni mbili. Kwanza, rangi ya jino likitoka kung'arishwa bado inacheza, inashuka kidogo ndipo itulie. Ukichagua rangi mapema utakosea tena. Pili, ndani ya enameli inabaki oksijeni ya peroksidi, na hiyo inaizuia gundi ya kompositi kushika vizuri. Kazi iliyobandikwa siku mbili baada ya kung'arisha inaweza kubanduka. Wiki mbili zikipita tunaondoa kompositi ya zamani, tunaweka mpya ya rangi ya majirani. Ingekuwa kauri, ingebidi itengenezwe upya maabara, na bei yake unaijua.

MSHEREHESHAJI: Yaani nilipie mara mbili kitu ambacho mtu angeniambia kwa dakika moja.

DAKTARI: Ndiyo.

Sipendi sana mijadala ambayo daktari anakubali kosa la taaluma yake kwa neno moja na wote tunasonga mbele. Nikamuuliza kwa nini mgonjwa haulizwi, ikiwa ni suala la dakika moja tu. Alisema foleni, na alisema pia kwamba mgonjwa mwenye jino lililovunjika anakuja na maumivu au aibu, anataka afunikwe haraka. Naelewa. Lakini fundi alikuwa na maelezo mengine: kofia ni mapato ya leo, na mgonjwa akiambiwa asubiri wiki nne, mbili za trei na mbili za kutulia, huenda akaenda kwa jirani asiyesubirisha. Daktari hakubisha.

MWALIMU: Nina swali lingine, si langu, la mwenzangu tuliyefundisha naye. Yeye ni wa Arumeru. Meno yake yana madoa ya kahawia tangu utoto, na watoto wa shule walikuwa wakidhani anavuta sigara. Anataka kuyavalisha yote kofia.

DAKTARI: Hiyo ni floraidi ya maji. Miamba ya volkano ya kaskazini, Arusha, Kilimanjaro, inaimwaga kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, kwa sababu vijiji vingi visingepata chanzo kingine. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Doa linaingia wakati jino linajijenga chini ya ufizi, utotoni, kwa hiyo mswaki hauna kosa na hauna msaada. Mwambie mwenzako asikimbilie kofia. Kofia inataka jino zima lichongwe kuzunguka pande zote, na lililochongwa halioti tena. Aanze na vitu vidogo: kusugua tabaka la juu kabisa kitaalamu, kisha trei. Madoa ya kahawia mara nyingi yanafifia. Yale meupe kama chokaa siku za kwanza yanaweza hata kuonekana zaidi, asiogope. Kisichoridhisha baada ya hapo ndicho tukifunike kwa vinia, na tutakuwa tunakifunika juu ya jino jeupe. Vinia ni nyembamba. Mwanga unaipenya, na doa jeusi la chini yake linaonekana kama kivuli.

FUNDI: Hapo nakubaliana naye mia kwa mia. Vinia juu ya jino la kahawia inanilazimu niifanye nene au niitie rangi nzito isiyopitisha mwanga, na matokeo yake ni jino lililokufa.

MSHEREHESHAJI: Na wenye meno yote ya bandia? Bibi yangu Tukuyu anayo juu na chini. Anayaloweka kwenye jiki.

FUNDI: Jamani! Jiki inapausha ile sehemu ya waridi ya ufizi wa bandia, na pleti yenye chuma inaanza kuota kutu na kuliwa. Maji ya moto nayo yanaipinda, isikae tena. Bibi asugue kwa brashi laini na sabuni ya kawaida ya maji, kila usiku, juu ya beseni lenye maji ili ikimponyoka isivunjike. Dawa ya meno ya mswaki asitumie, ina mchanga mchanga unaokwaruza akriliki. Ukoko mgumu ukishajijenga, aniletee pleti, nitaisafisha na kuing'arisha kwa mashine. Na akitaka meno meupe zaidi, hilo ni suala la kutengeneza seti nyingine. Ila nawaomba wajukuu mwache bibi achague rangi yake. Nimeshaletewa wazee na watoto wao, watoto wanashika kipande cheupe kuliko vyote, na siku hizi kuna vipimo vyenye weupe kupita A1 ambao mwanadamu hazaliwi nao. Mzee akivaa, wajukuu wanacheka, anayaacha kabatini.

MWALIMU: Afadhali umelisema wewe.

Likabaki suala la saluni. Mshereheshaji alitetea kwamba saluni ni karibu, ni nafuu, na hakuna anayekukaripia kwa kunywa soda. Daktari akajibu kwamba saluni haiwezi kuona jino lililotoboka, na jeli ikiingia kwenye tundu inakufanya uruke kitini. Hata jino zima hupata ganzi kwa siku kadhaa, na ganzi hiyo ikikukuta Uyole alfajiri ya Julai utajuta kuvuta hewa kwa mdomo. Nchi nyingine zimeshagombana juu ya hili hadi mahakamani. Uingereza, mwaka 2013, Mahakama Kuu iliamua kwamba kung'arisha meno ni kazi ya udaktari wa meno, asiyesajiliwa asiifanye. Marekani, mwaka 2015, Mahakama ya Juu iliamua dhidi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina iliyokuwa imewafungia wasio madaktari. Msingi wake ulikuwa sheria ya ushindani wa biashara, kwamba bodi iliyojaa madaktari haiwezi kuwafukuza washindani wao bila serikali kuisimamia. Umoja wa Ulaya tangu 2012 unataka peroksidi ya zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 ipitie kwa daktari wa meno, na isiguse mtu wa chini ya miaka 18. Kwetu, tangu 2019, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), dawa na vifaa tiba chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mimi sina haja ya kungoja mahakama: jeli isiyoandikwa asilimia yake isiingie mdomoni mwa mtu, na anayeipaka asipojua kutofautisha jino na vinia hana biashara na taa ya buluu.

Hoja tuliipigia kura. Mwalimu na fundi waliiunga mkono, ingawa mwalimu aliondoka ameandika jina la jeli nyuma ya kadi ya kliniki. Mshereheshaji na daktari waliipinga. Kura yangu ya mwenyekiti naipeleka kwa wapinzani: hoja imeshindwa, kwa sababu imeandikwa kana kwamba jino la bandia ndilo linalong'arishwa, ilhali ni majirani zake. Msomaji mwenye miadi ya kuvalishwa kofia au kubandikwa vinia, kabla daktari hajatoa kile kipimo cha rangi, mwambie mtulie kidogo, umjibu swali ambalo pengine hajakuuliza: unataka meno yako yabaki na rangi hii, au unataka kuibadilisha? Ukishavalishwa, jibu litakugharimu.